Kona ya Mama Mkwe

Jumatatu asubuhi, dereva mwenye miaka ishirini na miwili kazini aligonga ukuta, akagonga mti, akabomoa kibanda cha magazeti, na hakupata hata mkwaruzo. Gari lilikuwa la kwenye skrini. Kiti, usukani na pedali vilikuwa vya kweli, vimefungwa sakafuni katika ukumbi mdogo nyuma ya ofisi ya kiwanda cha mikate, na mbele yake skrini tatu pana zilionyesha barabara, mvua, na sasa mbao za kile kibanda. Wenzake walikuwa wamebanana kwenye dirisha la kioo. Mtu akipata ajali barabarani watu humwonea huruma. Huyu walimcheka.

"Rudia," alisema mtahini, dada mwenye miwani na kalamu nyekundu.

Akarudia. Kona ileile, mvua ileile. Mkia wa gari ulipoanza kukimbia upande, alifanya kile alichokifanya maisha yake yote: akakanyaga mafuta. Gari likazunguka kama pia, likageukia lilikotoka, likaingia mtaroni kinyumenyume.

"Hujafaulu," dada akasema, na kalamu nyekundu ikapata kazi.

"Mzee, umetununulia gazeti?" mmoja akamuuliza alipotoka, na dirisha zima likaangua kicheko.

Kiwandani jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hata na karani. Walimwita Mpemafuta, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa somo lake kwa kila dereva mpya: gari ikiteleza usitetemeke, mpe mafuta, itakuvuta. Na kweli iliwavuta. Magari ya zamani ya kiwanda yalikuwa yanavutwa na magurudumu ya mbele. Mkia ukienda kombo, ukiongeza mafuta pua inavuta na mkia unafuata kwa adabu. Somo hilo liliokoa watu kadhaa na mikate isiyohesabika. Lakini mwezi huo yaliletwa magari mapya, marefu, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na mwenye kiwanda, ambaye hajawahi kuendesha kitu isipokuwa vikao, akaamua kila dereva apimwe kwenye mashine kabla ya kupewa ufunguo. Kila mmoja alipewa nafasi mbili. Atakayeshindwa mara ya pili angehamia kwenye kupakia kreti.

Kati ya madereva kumi na wanne walishindwa tisa. Watano waliofaulu walikuwa wageni walioajiriwa juzijuzi, ambao Mpemafuta hakuwahi kupata nafasi ya kuwafundisha. Hakuna aliyeliona hilo siku ile, na yeye mwenyewe alikuwa na aibu nyingi mno za kushughulika nazo.

Msimamizi wa magari akamwambia aende nyumbani, arudi Jumatatu ijayo kwa jaribio la pili.

Alifika nyumbani saa sita mchana, saa ambayo kwa kawaida huwa katikati ya mji na mikate. Alipoweka ufunguo mlangoni alisikia injini ikinguruma ndani na tairi zikilia. Akafungua taratibu, kama mtu anayeingia katika nyumba isiyo yake.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi mbele ya meza ya cherehani, miwani puani, futi ya kupimia shingoni. Cherehani lenyewe lilikuwa limewekwa chini. Mahali pake pamefungwa usukani wa gemu, ule alioacha mjukuu wake alipokwenda chuoni, na chini ya meza, pale penye pedali ya cherehani, palikuwa na pedali za gari. Alikuwa peku. Kwenye televisheni gari jekundu lilikuwa linaingia kwenye kona ya mvua likiwa ubavu.

"Shikamoo, Mama."

Mama mkwe hakugeuka. "Marahaba. Ngoja kona iishe."

Kona ilikuwa ndefu. Mkia ulikuwa umetoka nje kabisa, pua imeelekea ndani, moshi unafuka, na gari halikuzunguka. Mikono ya yule mama ilikuwa imegeuza usukani upande ule mkia ulikokimbilia, mguu wake ukicheza juu ya pedali kidogokidogo, na gari likatembea kwa ubavu mpaka mwisho wa kona, likajinyoosha, likaondoka. Akasimamisha mchezo, akashusha pumzi. Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka kuwa ni mtu na mkwewe.

Walikuwa wamekaa nyumba moja miaka miwili, na mazungumzo yao yote yangetosha kuandikwa nyuma ya tiketi. Akikutana naye koridoni, Mpemafuta alijibana ukutani. Mama akiingia sebuleni, yeye alikumbuka ana jambo nje. Si kwamba hawakupendana. Walikuwa wanaheshimiana mno hata hawakupata nafasi ya kujua kama wanapendana.

"Umerudi mapema," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, Mama. Na wewe..."

"Mimi nanyoosha viungo. Daktari alisema."

"Daktari alisema hivi?"

"Alisema viungo. Hakusema kwa kutumia nini."

Mpemafuta alitazama skrini, ambapo lile gari jekundu lilikuwa limetulia barabarani kana kwamba halijafanya kitu. Aliingiwa na wivu wa wazi, wivu wa fundi kwa fundi. "Mama, hiyo gari inasukumwa nyuma?"

"Nyuma. Zile za mbele nimeziacha zamani. Ukiingia kona kwa pupa, pua inakataa kupinda, inakwenda moja kwa moja kama mtoto anayeburutwa shule. Hizi za nyuma zina vituko, lakini zinasikia."

Basi akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akamweleza: mashine, ukuta, mti, kibanda, kreti. Alikuwa amepanga kumficha hata mkewe. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kuonyesha kiti chake.

"Keti hapa nikuone."

"Mama, siwezi kukaa kwenye kiti chako."

"Heshima yako iweke pale kwenye kochi. Utaichukua ukimaliza. Vua na viatu."

Alizunguka mara saba. Mara ya nane alipitiliza mpaka majani. Mama mkwe alisimama nyuma yake na kila mara alitoa mguno mdogo wa mteja aliyeletewa suruali yenye mguu mmoja mrefu.

"Kwa nini umekanyaga?"

"Ili inivute."

"Ikuvute na nini? Huko mbele hakuna nguvu, nguvu ziko nyuma. Ukisukuma mkokoteni ukaanza kwenda kombo, unaongeza kusukuma?"

"Hapana."

"Sasa?"

Mpemafuta akaondoa mguu kwenye pedali. Jambo lilikuwa jepesi kiasi cha kutia aibu.

"Nani alikufundisha hivyo?" mama mkwe akauliza.

"Nilijifunza mwenyewe. Kwenye gari za zamani ni sawa kabisa. Nikawafundisha na wenzangu."

"Wangapi?"

Aliwaza nyuso zilizokuwa dirishani, akazipanga moja baada ya nyingine. "Wanane," akasema.

"Na wangapi wameshindwa?"

"Tisa. Pamoja nami."

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

Kwa miaka arobaini yule mama alikuwa fundi wa kola. Mafundi wengine waliweza mashati. Kola walimletea yeye. Alipoanza kuchezea usukani wa mjukuu, ilikuwa kuangalia tu kama bado unafanya kazi, maana hakupenda kitu kikae bure ndani ya nyumba. Mguu wake wa kulia ndio uliogundua jambo kwanza: pedali ni pedali.

"Kola ina ncha mbili," alimwambia mkwewe siku ya pili. "Ukifika kwenye ncha, hukanyagi na huachii. Ukikanyaga, kitambaa kinajikunja. Ukiachia ghafla, mshono unaruka. Unalegeza, unageuza kitambaa, unarudisha mguu polepole. Na usitazame sindano. Tazama mshono unakokwenda."

"Mama, tatizo siisikii gari. Mimi huwa nasikia kwa mgongo. Mkia ukianza, mgongo unajua. Hiki kiti hakisemi kitu."

"Basi tumia masikio. Tairi inalia kabla ya kuachia. Sikiliza."

Akasikiliza. Kweli ililia, mlio mwembamba, halafu mnene, halafu ndipo mkia ukaondoka. Akalegeza mguu, akageuza usukani kuufuata mkia, na kwa mara ya kwanza gari likasita. Halikuzunguka. Liliyumba huku na huko kama mtu anayetafuta viatu gizani, likasimama katikati ya barabara.

"Umeshona," akasema mama mkwe. "Vibaya, lakini umeshona."

Mkewe, mpokezi wa zahanati, aliingia wakati huohuo na mfuko wa mboga. Alimkuta mumewe peku mbele ya meza ya cherehani, na mama yake akimgonga begani kwa kipande cha chaki.

"Nyinyi mmeanza kuongea lini?"

Ikabidi aelezwe. Aliweka mfuko chini. "Kwa hiyo mama yangu ameambiwa jana. Mimi nilikuwa wa kuambiwa lini?"

"Nikishafaulu."

"Na ungeshindwa?"

"Ungeniona na kreti."

Alicheka, maana mumewe alilisema kwa uso wa mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa, kisha akaenda jikoni na kufungua bomba kwa nguvu. Aliogopa. Huo mgongo unaojua mkia wa gari, yeye ndiye aliyekuwa akiukanda kila Jumapili, na alijua haungebeba kreti hata mwezi mmoja. Lakini aliporudi sebuleni na kuona wale wawili wamebishana mpaka wamesahau adabu, aliamua kutosema kitu. Akawatengea kitafunwa.

Kufikia Ijumaa Mpemafuta aliweza kulipeleka gari ubavu na kulirudisha. Jumamosi akaweza kulishikilia hivyohivyo ubavu. Vijana huita drifti, mama mkwe aliita "kuzungusha kola", na ukweli ni kwamba mtu akishaionja hataki kona iishe. Jumamosi mchana mama mkwe akasema sasa washindane, skrini igawanywe mara mbili, mkwe atumie usukani na yeye atatumia pedi ya mkononi.

Mizunguko mitatu ya kwanza, gari jekundu la mama lilitangulia na la mkwe likamfuata nyuma kwa umbali uleule, kama mpambe.

"Mbona hunipiti?"

"Nafasi hakuna, Mama."

"Nafasi ni upana wa mlango huu. Mzunguko wa tatu huu unafunga breki pale pale. Kwa nini?"

Mpemafuta alijikuna shingo. "Mama, siwezi kukupita."

Jikoni kijiko kikaanguka. Mkewe alikuwa anacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliweka pedi mapajani, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mchezo.

"Sikiliza, baba. Nikisimama watu wananipokea mkoba. Nikiingia mahali wananipisha kiti. Nikitaka kushona wananiambia nipumzike. Wananipenda, najua. Hapa kwenye hii barabara ya uongo ndipo pekee ambapo hakuna anayenipisha. Na wewe sasa umekuja kunipisha hata hapa?"

"Samahani, Mama."

"Sitaki samahani. Nipite."

Wakaanza upya. Katika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, gari jekundu liliipanua kona kidogo, na Mpemafuta akaingia kwa ndani, mkia nje, usukani umefuata mkia, mguu mwepesi. Alipokuwa sambamba naye alisema "Niwie radhi, Mama," kwa sauti kabisa, akampita. Mama mkwe akamgonga nyuma makusudi. Wote wawili wakaishia majanini, na mkewe akatoka jikoni kuona ni nani anayecheka namna ile. Hakuwa amewahi kumsikia mumewe akicheka mbele ya mkwewe.

"Tena," akasema mama.

Jumatatu dirisha lilijaa mapema kuliko kawaida. Mpemafuta alivua viatu, na hilo peke yake lilichekwa. Mtahini akabonyeza kitufe, mvua ikaanza kunyesha kwenye skrini tatu.

Tairi ikalia nyembamba. Ikalia nene. Mkia ukaondoka, na mguu wa kulia, wenye miaka ishirini na miwili ya mazoea, ukataka kukanyaga. Aliuona kabisa ukitaka. Akaulegeza. "Geuza kitambaa," akanong'ona. "Usivute, usivute. Rudisha mguu." Gari refu la mikate likaingia kwenye kona likiwa ubavu, likapita ukuta, likapita mti, likapita kibanda cha magazeti, na lingeweza kunyooka pale, lakini dereva alikuwa ameshaionja. Akalishikilia. Lilipita kona nzima kwa ubavu na nusu ya barabara iliyofuata.

Dirishani hakuna aliyecheka.

Mtahini alisoma karatasi iliyotoka kwenye mashine. "Hujagonga kitu. Umefaulu. Ila mashine inasema mikate yote imelala upande mmoja." Akanyanyua macho. "Na hicho kitambaa ulichokuwa unaongea nacho ni kitambaa gani?"

Angeweza kusema ni mazoea tu ya kuongea peke yake. Alisimama pale peku, viatu mkononi. "Nilifundishwa na mama mkwe wangu. Ni fundi wa kola. Anacheza gemu za magari."

Hapo sasa walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mpemafuta alikivumilia kicheko kile vizuri kabisa, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine alilopaswa kusema na kicheko kilimpa kisingizio cha kutolisema. Alivaa viatu, akapokea ufunguo, akaondoka. Alijiambia atawaeleza kesho.

Kesho yake asubuhi alikuwa njiani na mikate, na rafiki yake wa tangu ujana, waliyemwita Pancha, akaingia kwenye jaribio la pili. Mpemafuta alimkuta mchana kwenye ghala, amevaa aproni ya wapakizi inayombana tumbo, ameinua kreti mbili.

"Imekuwaje?"

"Sijui, ndugu yangu," Pancha akasema, na hakuwa na lawama hata chembe. "Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilimpa mafuta yote."

Jioni ile Mpemafuta hakugusa chakula. Mama mkwe alisubiri binti yake aondoe sahani, kisha akauliza, na yeye akamwambia. Alisema alijua tangu wiki iliyopita, kwamba maneno yalikuwa machache, mtu angeyasema akiwa anafunga kamba za viatu, na kwamba aliona haya.

"Jaribio la wengine lini?"

"Ijumaa. Wamebaki saba."

"Kesho nipeleke," akasema mama mkwe.

Msimamizi wa magari alikubali haraka kuliko ilivyotarajiwa. Wanaume wanane wa kupakia kreti na sita tu wa kuendesha ni hesabu isiyompendeza hata yeye. Jumatano mchana madereva saba walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya mashine, mikono kifuani, wakiwa na tabasamu la watu waliokuja kutazama kichekesho. Mtahini alisimama pembeni na karatasi zake. Mama mkwe alikuja na futi yake shingoni. Kwanza aliketi kwenye kile kiti, akapitisha gari la mikate kwenye kona ya mvua, polepole, bila mbwembwe, na mashine ikatoa karatasi. Mtahini akaisoma mara mbili. Matabasamu yakapungua.

"Haya," akasema mama mkwe akiwageukia. "Kabla sijaanza. Nani aliwafundisha kukanyaga mafuta gari ikiteleza?"

Mmoja alitazama dari. Mwingine akavutiwa ghafla na kucha zake. Watu saba ambao kutwa kucha walimtania Mpemafuta, siku hiyo hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Pancha alikuwa anapita mlangoni na kreti, akasimama.

Mpemafuta alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ni mimi, Mama," akasema akitazama sakafu. "Lile somo ni la gari za zamani, zinazovutwa mbele. Kwenye hizi ndilo linalozungusha gari. Wote mmeshindwa kwa sababu yangu. Nililijua hilo tangu wiki iliyopita, nikanyamaza."

Mtahini alipekua karatasi zake moja baada ya nyingine. "Ni kweli," akasema. "Wote tisa, kosa moja." Akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama tumbo la Pancha ndani ya ile aproni. "Basi na wa jana atarudia Ijumaa," msimamizi akasema.

Pancha hakushukuru. Aliweka kreti chini, akaja mpaka katikati ya ukumbi.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Sikusikia vizuri. Rudia."

Mpemafuta alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akatazama pembeni, hakumsaidia. Kwa hiyo akasogea mbele, akarudia yote tangu mwanzo, na safari hii aliyasema akimtazama Pancha.